Maziwa ya Mlango wa Pili

Kichochoro chetu hapa Mji wa Kale kina mwenyeji mmoja tu mwanamume asiyetembea na mkongojo, na mwanamume huyo ni mimi. Sijisifu. Hata hao wenye mikongojo ni wawili tu, na mmoja wao hatoki tena. Waliobaki wote ni wanawake, tena wanawake wa umri wa kulaumu magoti. Ukifungua dirisha asubuhi husikii mtoto akilia. Wasikia vikohozi, ghorofa kwa ghorofa, hiki kikikijibu kile, na redio zilizopandishwa sauti kwa ajili ya masikio.

Mimi ni fundi wa kofia. Nashona kofia za mkono, zile za matundu madogo madogo, nimekaa dirishani kwa mamangu ghorofa ya kwanza. Zikifika kadhaa nazipeleka duka moja karibu na Biashara Street na kurudi mbio, kama mtu aliyesahau chungu motoni. Sipendi kutoka. Nilipomaliza Form Four niliitwa kazi ya kibarua bandarini, nikaenda, nikaliona jua lilivyo, nikarudi nyumbani. Wenzangu wa darasa walipoanza kuondoka, huyu Maskati, huyu Dubai, huyu Uingereza kwa shangazi ambaye hakuwa shangazi yake, walinipitia kuniaga nami nikawamiminia kahawa papo hapo dirishani. Wameondoka wote. Mimi nimebaki kwa uvivu, lakini uvivu ukikaa miaka mingi mtaa mmoja, watu huanza kuuita uaminifu kwa wazazi.

Mamangu hauiti hivyo. "Mungu kachukua wanaume wote wa nyumba hii," huwaambia wageni mbele yangu, "kaniachia huyu. Na huyu mwenyewe ni kama mto wa kiti. Ukimweka hapa, jioni utamkuta hapa."

Shuleni mwalimu wa jiografia aliwahi kutuchorea ubaoni kitu alichokiita piramidi ya watu. Wanaume kushoto, wanawake kulia, watoto chini, wazee juu. Nchi yetu, akasema, ni pana chini na kali juu, kama hema. Nakumbuka hema hilo kwa sababu ndilo jibu pekee nililopata kwenye mtihani. Lakini ukikichora kichochoro chetu hupati hema. Wapata buibui lililotundikwa msumarini: mabega yako juu, yote upande wa kulia, na huku chini kitambaa kitupu kinapepea.

Aliyenifanya niliwaze jambo hilo ni mpangaji wetu, dereva wa lori kutoka bara anayefanya kazi Shimanzi. Amepanga chumba cha chini kwetu kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu, kwa maneno yake, akija kulala huku hakuna mtu wa kupigana naye. Juma lake la kwanza alipanda ngazi kuja kuuliza habari ya maji, akamkuta mamangu na mashoga zake wamejaa mkekani.

"Mama," akasema, "hii mtaa yenu iko na shida gani?"

"Shida gani, mwanangu?"

"Kwani watu wa hapa wanazaliwa wakiwa wazee?"

Mamangu alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia akamuuliza, "Na huko Shimanzi kwenu kukoje?"

"Huko ni mwanaume, lori, mwanaume, lori. Hakuna mtoto. Mwanamke ni yule wa kuuza chai. Na mtu akianza kuota mvi tunamwita babu, anarudi kwao."

"Kwao kuna nini?"

"Kuna bibi yake na watoto. Na mama yake. Wanamngoja."

"Basi na kwenu pia hakuna wanaume," akasema mamangu.

Dereva akafikiri. "Kweli hakuna. Wote wako kwa lori."

Wanawake wakanigeukia mimi pale dirishani, wote kwa pamoja, na shoga mmoja akasema, "Sisi tunaye." Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka sokoni.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi jirani ambaye ndiye mwenye habari hii. Alikuwa rika la mamangu, wameolewa kichochoro kimoja mwaka mmoja, na tangu hapo wamekuwa wakipendana na kutukanana bila kupumzika. Miaka michache iliyopita alipigwa na kiharusi. Miguu ikafa, ulimi ukabaki. Sote tulishukuru kwamba hakufa, halafu tukaanza kumsikia. Alikuwa amelazwa kitanda cha sebuleni, karibu na dirisha, na kutoka hapo alikuwa akiendesha mtaa mzima kwa sauti. Aliweza kumtambua mtu kwa kishindo cha viatu na kumtukana kabla hajapita.

Wanawe watatu wa kiume wako nje. Walikuwa wakimtumia maneno ya sauti kwenye simu, marefu, yenye dua nyingi, na katoni za pampasi za wakubwa. Waliyemwachia mama ni binti, wa mwisho kuzaliwa. Huyo aliwahi kuolewa. Mumewe alitangulia Uingereza ili aje amchukue, na badala ya tikiti ikaja talaka, kwa simu, yeye yuko jikoni anakaanga mahamri. Aliisikiliza mpaka mwisho, akayageuza mahamri yasiungue, kisha akaenda kumwambia mamake. Mamake akasema, "Alhamdulillahi. Sasa hutakwenda popote."

Basi binti huyo, ambaye kwengine angekuwa mwanamke wa makamo tu, hapa kwetu alikuwa ndiye kijana. Ndiye mwenye magoti. Mtungi wa gesi wa bibi huyu, dawa za sukari za bibi yule, kumpandisha mmoja ngazi, kumteremsha mwengine kwenda kliniki, yote yalikuwa yake. Akifa mwanamke, huyo huyo aitwa kuosha maiti, kwa sababu waoshaji wenyewe sasa wahitaji mtu wa kuwainua wakishainama. Na kila asubuhi alikuwa akianika mashuka ya mamake kwenye roshani, mbele ya dirisha langu.

Hapo ndipo tulipozoeana upya, sisi tuliokuwa tumezoeana tangu utotoni. Yeye na shuka lake, mimi na sindano yangu.

"Wewe," aliniambia siku moja, "hata jua likitaka kukuchoma itabidi lipande ngazi."

"Likipanda mamangu atalitandikia mkeka likae."

"Na wewe utalikimbia uingie chumbani."

Ilikwenda hivyo muda mrefu. Sikuwa mwepesi. Nilikuwa nimepita arobaini, sijaoa, nimezoea kuambiwa nitaoa kesho. Mwisho nikamuuliza kama atakubali kuolewa nami, nikatanguliza kwamba faida kubwa ni kutohitaji kuhama: atavuka mlango mmoja tu.

Alicheka, shuka limemfunika nusu ya uso. "Na hiyo ndiyo safari pekee utakayoweza kunipeleka." Kisha akasema, "Lete watu."

Nami nilidhani lililobaki ni jepesi.

Kwanza, kuleta watu kwataka watu. Kwetu posa hupelekwa na wanaume wazima, baba, ami, mjomba, watu wa haiba. Babangu alikwisha kufa, ami zangu wako Maskati, na wajomba nao wameingia makaburini mmoja mmoja. Nilichoweza kukusanya ni yule mzee mwenye mkongojo anayetoka, pamoja na karani mmoja mstaafu wa forodha, wa mtaa wa pili, ambaye husinzia akikaa. Mpangaji wetu alituonea huruma. Akaomba kofia moja, akasema, "Mimi ni Mkristo lakini nitajaza kiti." Nikamvika kofia yangu nzuri, ikamkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi, tukavuka mlango ule mmoja.

Walii wa binti, mwenye idhini ya kumwoza, alikuwa kakake mkubwa, yule wa rika langu, aliyekuwa kwenye simu kutoka Uingereza, simu imewekwa juu ya kawa la kufunikia chakula katikati ya sebule. Mama mgonjwa alikuwa nyuma ya pazia kitandani mwake. Mamangu na mashoga walikuwa chumba cha pili, wamenyamaza kwa namna ya watu wanaosikiliza.

Mzee alisema maneno ya posa, akakohoa, akayamaliza. Simu ikajibu haraka, "Mimi sina neno. Ni jirani, twamjua. Na dadangu atabaki karibu na mama, si ndilo la muhimu?"

Ndilo lilikuwa la muhimu. Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti: "Haijuzu."

"Haijuzu nini, mama?" ikauliza simu.

"Huyu ni mwanangu. Nilimnyonyesha."

Karani wa forodha akaamka.

Kwa msomaji asiyejua: kwetu, mtoto mchanga akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, kunyonya kwa kushiba, si kulamba, na ikawa mara tano, mwanamke huyo huwa mamake na wanawe huwa ndugu zake. Hawaoani abadan. Na ilikuwa kweli kwamba nilipozaliwa mamangu alishikwa na homa kali ya uzazi, akawa hajijui, nami nikapitishwa kwa majirani. Hadithi niliyokulia nayo ni kwamba aliyeninyonyesha ni mwanamke wa nyumba ya mwisho, aliyehamia Maskati baadaye akafia huko. Mlango wa pili haukuwahi kutajwa.

"Mwongo!" mamangu akapiga kelele kutoka chumba cha pili, adabu ya posa ikaishia hapo. "Lini? Hebu sema lini!"

"Wewe utajua nini? Homa ilikuwa imekujaa kichwani. Ulikuwa hujui umezaa mtoto au papai."

"Nilizaa mtoto!"

"Hata sasa ukimtazama hujui."

Mpangaji wetu alinitazama chini ya ile kofia, kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Shekhe alikuja siku ya pili. Ni kijana kuliko mimi, mpole, mwenye kuchagua maneno. Akaeleza kwamba neno la mwanamke mmoja peke yake halitoshi, lakini wakipatikana wanawake wanne wa kuaminika, akiwamo mwenyewe, itathibiti. Sehemu nyengine ya nchi, kuwatafuta wanawake wanne walio hai wanaokumbuka jambo la zaidi ya miaka arobaini kungechukua mwezi. Kwetu mtu alifungua dirisha tu akaita.

Wakaja mashoga watatu. Hao hawajawahi kukubaliana juu ya kitu, hata mwezi wa Idi kwao huandama mara tatu, lakini siku hiyo walisema kwa kauli moja. Wa kwanza alikumbuka leso aliyokuwa amejifunga jirani wakati ananinyonyesha. Wa pili alikumbuka kwamba nilikuwa mlafi. Wa tatu akasema niling'ata.

"Aling'ata bila meno?" akauliza mamangu.

"Kwa ufizi. Mwanao alikuwa na ufizi mbaya."

Nilikuwa nimekaa hapo, mtu mzima mwenye ndevu, nikisikiliza nilivyokuwa nikinyonya. Shekhe alikuwa akitazama zulia.

Sitaki kujifanya kwamba sikuelewa kinachotendeka. Kila mtu pale sebuleni alielewa. Binti akiolewa nami atakuwa mke wa mwana, na mgonjwa wa kwanza wa mke wa mwana ni mama wa mume. Mamangu alikuwa ameanza kupoteza macho, na nyonga yake ilikuwa ikimwamsha. Hapo zamani alikuwa akimwita binti huyo "mtoto wa watu". Tangu kusikia habari ya posa alianza kumtazama mikono. Vikongwe wawili, mikono miwili. Na wale mashahidi watatu nao walikuwa na mitungi yao ya gesi, na ngazi zao.

Jirani alilisema waziwazi, hata shekhe hajaondoka. "Wewe shoga, wataka mke wa mwanao au wataka mtu wa kukukanda nyonga?"

"Vyote," akasema mamangu. "Nawe wataka mtoto, au wataka punda?"

"Punda nimemzaa mwenyewe. Sikuazima mlango wa pili."

Wakati huo binti alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mashuka mabichi, maji yakimdondokea miguuni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno. Shekhe akasema kwa masikitiko kwamba madhali ushahidi umetimia hawezi kufungisha nikaha hii, na kwamba sote tumshukuru Mungu jambo limejulikana mapema.

Binti akasema, "Shekhe, nina swali."

"Uliza, dadangu."

"Kwa hivyo huyu ni ndugu yangu kabisa. Na mamangu ni mamake."

"Ndiyo."

"Aweza kuingia humu bila hodi? Kumshika? Kumbeba? Kumgeuza kitandani?"

"Ni maharimu yake, kama mwanawe wa kumzaa. Isipokuwa sehemu za siri. Hizo ni za wanawake, ila kwa dharura."

"Wanawake wako," akasema, akiwatazama wale watatu mmoja mmoja. "Na ni wa kuaminika." Akapita na beseni lake akaenda kuanika.

Nilidhani alikuwa akifanya mzaha wa uchungu. Tulirudi kwenye roshani na dirisha, lakini hakunitania tena. Nikimsalimu aliitikia vizuri, kwa heshima, kama mtu anayemsalimu kakake. Mara mbili tatu nilimwona akitoka amevaa buibui jipya, na bahasha mkononi, nikafikiri ni dawa za mtu.

Ilikuwa asubuhi. Nilisikia kitu kizito kinashuka ngazi za mlango wa pili, tap, tap, tap, nikachungulia. Sanduku. Jirani naye alilisikia kutoka kitandani, na alikuwa akijua kila kishindo cha nyumba ile.

"Wenda wapi?" akapiga kelele.

"Kazini, mama. Uarabuni."

"Kazi gani?"

"Kumtazama bibi mmoja mgonjwa."

Halafu, kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

"Una mwana," akasema binti. "Mashahidi wanne."

Akanyanyua uso akaniona dirishani. "Kakangu," akasema, "umgeuze kila baada ya swala. Usimlaze upande mmoja, mgongo utatoka vidonda. Uji wake uwe mwepesi, ukiwa mzito atautema usoni mwako. Hata ukiwa mwepesi atautema." Akachukua sanduku lake. Mpangaji wetu, aliyekuwa akitoka kwenda Shimanzi, akamsaidia kulibeba mpaka barabarani. Mimi niliyekuwa ndugu nilikuwa bado natafuta kiatu cha pili.

Hivyo ndivyo mtu asiyependa kutoka alivyoanza kutoka mara tano kwa siku. Mwanzoni nilidhani jirani na wanawe wataona haya, wamtafute mtu mwengine. Hakukuwa na mtu mwengine. Wanawe wa Uingereza walinitumia maneno marefu ya sauti, wakaniita kaka, wakaniombea pepo, na tangu wanite kaka hawakutaja tena habari ya kuajiri mtu. Mashahidi watatu walipangiwa zamu za pampasi. Ungewaona wanavyopanda zile ngazi! Wa kwanza hushika ukuta, wa pili humshika wa kwanza, na wa tatu hubaki chini akilaani siku aliyosema niling'ata.

Na mgonjwa mwenyewe hakuninyima kitu.

"Mikono gani hii? Wanishika kama sufuria la moto."

"Samahani, mama."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Wanangu wana sauti."

"Nigeuze kushoto au kulia?"

"Geuka wewe uende zako. Haya, kushoto. Polepole! Wallahi kofia wazishona kwa adabu kuliko unavyonigusa mimi."

Nikirudi nyumbani mamangu alikuwa amenuna. "Umemlisha mamako? Ameshiba? Basi na mimi mtu wa pembeni nipe maji." Mwisho akachoka kukaa peke yake, akaanza kuja nami, akishika bega langu kwa sababu ya macho, na kukaa kiti cha karibu na kitanda. Siku nzima wawili hao wanakumbushana nani aliolewa na vyombo vichache. Sina hakika kama wanachukiana. Mmoja akisinzia, mwengine humwamsha ili aendelee.

Alasiri moja mamangu alikuwa amelala kitini, nami nilikuwa namwinua jirani kubadilisha mto. Mgongo wangu ukakatika, akaniponyoka, kichwa chake kikagonga ubao wa kitanda. Hakuumia sana. Akanitazama kutoka pale chini kwa dharau iliyotulia kabisa.

Nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kuuliza. "Mama. Kweli uliwahi kuninyonyesha?"

"Wewe?" Akanikagua tangu kichwani hadi miguuni. "Ungenyonya kwangu ungekuwa na mifupa. Wangu wamevuka bahari wote wanne. Wewe wavuka kichochoro na kuhema."

Nilimlaza vizuri kwanza. Sijui kwa nini, lakini nilimlaza vizuri, nikamtia mto, nikamvuta shuka. Kisha nikangoja Ijumaa, ambayo ndiyo siku yake binti ya kupumzika, nikampigia simu baada ya swala nikiwa nimejifungia chumbani kama mwanafunzi.

"Amekiri," nikamwambia.

"Amekiri nini?"

"Kwamba hakuninyonyesha. Ni uongo. Mimi si ndugu yako."

Hakushangaa. Nilingoja ashangae. "Najua," akasema. "Mamangu hakuwahi kuwa na maziwa. Kakangu mkubwa alilelewa kwa maziwa ya mbuzi. Mama aliniambia mimi tu, siku niliyoolewa, kwa sababu aliona haya maisha yake yote."

"Na siku ya mashahidi ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema mbele ya shekhe?"

"Ningesema, ningeolewa."

Nilikaa kitandani. Nikasema, pengine kwa sauti ya kitoto, kwamba nilidhani hilo ndilo tulilolitaka.

"Wewe ulitaka mke," akasema. "Hilo nakubali, ulitaka. Mamako alitaka mikono. Mamangu alitaka mikono. Ningetoka nyumba ya mgonjwa niingie nyumba ya mgonjwa wa kesho, na mgonjwa wa mwanzo bado ananiita kupitia dirisha, na katikati yao mwanamume anayeogopa jua. Uongo wa mamangu ndio mlango pekee nilioona umefunguka, nikapita. Huku pia nageuza bi kizee, usidhani. Lakini huyu si mamangu, Ijumaa napumzika, na mwezi ukiisha nalipwa."

"Na huko kukoje?" nikauliza.

"Dirisha langu laangalia barabara. Naona wanaume watupu. Wamesimama foleni ya basi, nguo za kazi, kila taifa, wazima wote, wana nguvu kama ng'ombe. Hakuna mtoto, hakuna mwanamke, hakuna mwenye mvi. Wale wanaume wote tuliokuwa tukiuliza wamekwenda wapi, wako hapa chini ya dirisha langu."

"Na wakizeeka?"

"Hurudishwa."

"Wapi?"

"Kwenu," akasema, na hapo tu ndipo alipocheka, kicheko chake kile cha roshani.

Nikamuuliza kama atarudi. Akasema atarudi akishakuwa na magoti mabovu, kama kila mtu, nami nijitunze mgongo nisije nikamwangusha yeye. Nyuma yake sauti ya bibi ikaita kwa Kiarabu, akasema lazima aende, ingawa ilikuwa Ijumaa.

Kwa shekhe sijakwenda. Nimelifikiria sana. Nikimwambia kwamba ushahidi ni uongo, nitakuwa huru kumuoa mwanamke asiyetaka kunioa, na papo hapo nitakuwa mwanamume wa nje kwa bi kizee ambaye hakuna mtu mwengine wa kumgeuza. Yeye mwenyewe alijua hesabu hiyo kabla yangu, ndiyo maana alikiri bila wasiwasi. Shekhe akija kusoma haya, na anikemee, nitakubali. Lakini aje na mtu wa kumwinua.

Ijumaa ile ile ya simu iliadhiniwa alasiri. Nilivaa viatu, nikamshika mamangu mkono, tukavuka. Jirani alikuwa macho, uso kwa dari.

"Ulikuwa wazungumza na mwanangu," akasema. Masikio yale hayakuguswa na kiharusi.

"Ndiyo."

"Asemaje?"

"Akusalimu sana. Anakukumbuka."

"Mwongo," akasema. "Nigeuze."